Mguu wa Mbele wa Kushoto

Mwaka jana mwezi wa Septemba niliahidiwa shilingi 3,500 niandike maneno 120 kuhusu farasi. Kwa mtu anayekula kutokana na kibodi hapa Nairobi, hizo si pesa za kuchezea. Maneno kama hayo kuhusu godoro au mafuta ya uso hunipa 300, tena baada ya kumkumbusha mtu mara tatu. Kazi niliunganishiwa na mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye amekuwa saisi kwenye mazizi ya upande wa Barabara ya Ngong kwa zaidi ya miaka 20. Mwenye farasi alimuuliza kama anamjua mtu anayeweza kuandika tangazo likavutia. Mjomba akasema, "Mpwa wangu yuko yunivasiti."

Nilikuwa nimeacha yunivasiti miezi 14 kabla ya hapo, nikidaiwa karo ya 86,000. Mjomba alilijua hilo. Mama yangu kule Vihiga halijui hadi leo, labda alisome hapa, na yeye hasomi vitu vya mtandaoni.

Farasi mwenyewe ni dume lililohasiwa, rangi ya hudhurungi, miaka saba. Jina lake la kwenye vitabu ni la Kizungu, refu, lina alama ya kuulizia mwishoni. Mjomba humwita Shemeji, kwa sababu anakula kama mtu aliyekuja kutoa mahari. Ni thorobredi, ile aina inayokimbizwa Jumapili kwenye uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka wa 1954. Hawa si farasi tu hivihivi. Kitabu chao cha nasaba kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka wa 1791, na ukifuata baba, babu, baba wa babu, thorobredi wote walio hai leo wanarudi kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Shemeji ana ukoo ulioandikwa kwa zaidi ya miaka 300. Mjomba, anayemsugua kila asubuhi, hana hakika alizaliwa mwezi gani. (Neno saisi lenyewe lilitoka Uarabuni, likapita kwa Wahindi na Waingereza, likatufikia sisi. Limesafiri kuliko mjomba.)

Mwenye farasi aliniambia kwa simu anachotaka. Mpole. Mzima. Anafaa mtoto anayejifunza. Anauzwa 180,000 au anakodishwa, "lakini kijana, sukuma zaidi upande wa kuuza."

Jioni hiyo nilienda kumuona Shemeji ili nipate cha kuandika. Mjomba alikuwa anamfungua bandeji miguu ya mbele. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kama anayezungumza na ndoo: "Huu wa kushoto uliachia mbioni mwaka jana. Kano ya nyuma." Akanionyesha. Nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, palikuwa na mviringo, kama upinde mdogo chini ya ngozi. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka kama rula. Kano ikichanika hupona, aliniambia, lakini hupona kwa kovu, na kovu halivutiki kama kano. Farasi wa namna hiyo anaweza kutembea miaka na miaka bila shida. Ukimrusha juu ya vizuizi kila wikendi, siku moja anashuka vibaya, na aliye mgongoni anashuka naye.

"Mwenyewe anajua?"

"Ni yeye aliyemlipa daktari."

Nikampigia mwenye farasi kesho yake. Sikukasirika, sina mtaji wa kukasirika. Nilimuuliza tu kama niutaje mguu. Alinipa jibu ambalo nimelibeba tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana si jibu la mjinga. Alisema hivi. Farasi huyu anakula kama kilo kumi za majani makavu kwa siku, mbali na vyakula vingine. Kuna kwato, kuna chanjo, kuna mshahara wa mtu wa kumtunza. Thorobredi huanza mbio akiwa na miaka miwili, na anaweza kuishi hadi 25, hata 30. "Mimi nimemkimbiza miaka mitatu. Miaka 20 iliyobaki ni ya nani?" Ukiandika mguu, hakuna atakayepiga simu. Asipopatikana mtu hadi Desemba, itabidi daktari aje na sindano. "Kwa hivyo sema ukweli wako, kijana. Utamuua nao."

Nimesoma falsafa miaka miwili na muhula mmoja. Tulifundishwa kisa cha muuaji anayebisha mlangoni akimtafuta rafiki yako: je, utadanganya? Darasani kila mtu alikuwa na jibu. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja anayebisha atakuwa ndiye anayekulipa, na rafiki atakuwa na miguu minne.

Kwanza nilijaribu kutoka kwa mlango wa pembeni. Niliwaza: basi akodishwe, asiuzwe. Nilikuwa naamini kuuza ndiko kujitoa kikamilifu na kukodisha ni mambo ya nusunusu. Cha kuazima hakisitiri matako, tunasema, na nani atakayetumia pesa zake kutibu mguu wa farasi asiye wake? Kumbe nilikuwa sijui mambo ya huko. Kukodi farasi si kama kukodi tuktuk. Mara nyingi hakuna hata kodi: anayekodi anabeba gharama za kumlisha, za kwato na za daktari, naye anampanda, karatasi zinabaki kwa mwenyewe, na muda ukiisha farasi anarudi. Farasi wa mbio naye, aliyemkodi hulipa mkufunzi na kuchukua zawadi wakishinda, au wanagawana na mwenyewe kama walivyoandikiana. Kinachomtia hofu mwenye farasi mgonjwa ni lile neno anarudi. Ukiuza, umenawa. Ukikodisha, kuna siku kwenye kalenda ambapo utasimama mlangoni kwako umpokee uliyemtumia.

Ndiyo maana akaniambia nisukume upande wa kuuza.

Na hapa kwetu atarudi kweli, hata ukimuuza. Soko la farasi Kenya ni kijiji. Kuwapeleka nje ni kazi ngumu kwa sababu ya ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi, ambao punda milia hubeba bila kuumwa na farasi wengi hufa nao. Kwa hivyo aliyezaliwa hapa kwa kawaida huzeekea hapa, akihama kutoka mkono hadi mkono kati ya watu wanaojuana kwa jina. Mjomba amemuona farasi mmoja kwa wenyewe watano. Kila mara bei inashuka kidogo, banda linakuwa dogo kidogo, na anayemnunua anajua machache kuliko aliyetangulia. Nilipomwambia habari ya sindano, nikitarajia aseme afadhali uongo, alitikisa kichwa. "Sindano ni dakika moja, mpwa wangu. Kuzungushwa ni miaka."

Basi nikaandika. Sitajipamba: niliandika, nikalipwa. Lakini nilikataa neno mzima, nikajiona nimeshinda. Niliandika kwamba ni mpole na wageni, kweli. Kwamba amezoea magari na pikipiki, kweli. Kwamba amepumzishwa mbio tangu mwaka uliopita, kweli tupu. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa kitu hicho; unaponunua kwa mtu binafsi, macho ni yako. Muuzaji wa namna hiyo halazimiki kukusimulia kila kitu, ila asikudanganye. Nami sikudanganya. Niliyasoma tena yale maneno 120 usiku, nikaona jambo ambalo sikufundishwa: sentensi tatu za kweli zikipangwa vizuri zinakuwa uongo mmoja, na sijui hata mmoja uko kwenye neno gani. Asubuhi M-Pesa ikalia. Nikamlipa keateka deni la nyumba.

Katika kusoma kwangu kule chuoni nilikutana na Plutarko, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma, na kuna mahali anamgeukia Cato kwa hasira. Cato alikuwa mzee wa heshima Roma, mbana matumizi, adui wa anasa. Watoto wa shule walifundishwa wawe kama yeye. Alikuwa akiwauza watumwa wake wakizeeka, asilishe mdomo usio na faida. Na alipomaliza vita kule Uhispania, farasi aliyembeba vita vyote alimwacha hukohuko, akajisifu kwamba ameiokolea serikali nauli ya meli. Plutarko anasema yeye asingemuuza hata ng'ombe mzee aliyemlimia, sembuse mtu. Halafu anakumbusha wale nyumbu waliobeba mawe ya hekalu kubwa la Athens. Waliochoka sana walifunguliwa wakalishe popote. Mmoja wao, inasemekana, alirudi mwenyewe kazini, akawa anatangulia mbele ya wenzake kupanda kilima kana kwamba anawatia moyo, na Waathene wakapitisha azimio alishwe na serikali hadi afe.

Kisa hicho nilikipenda nilipokisoma mara ya kwanza. Siku hizi nakiona kina shimo. Waathene walimlisha nyumbu aliyerudi kazini. Wale wengine waliochoka wakalala chini ya mti, hatuambiwi waliishaje. Hata fadhila yetu inataka kuona bidii kwanza. Sisi tuna methali kwamba fadhila za punda ni mateke, na kila nikiisikia najiuliza ni nani aliyemsikiliza punda upande wake.

Lakini pia simwoni mwenye Shemeji kuwa Cato. Anasomesha watoto watatu. Alinunua farasi siku ambazo biashara yake ilikuwa inapumua. Swali lake, kwamba miaka 20 iliyobaki ni ya nani, ni swali halali, na wengi wanaomcheka hawajawahi kulipia hata gunia moja la pumba. Nilichokuja kuamini, polepole, ni kwamba alilijibu zamani bila kujua. Siku aliyonunua mnyama wa miaka 25 ili amtumie miaka mitatu, alinunua na ile 22. Haikuwa kwenye bei, lakini ilikuwa ndani ya farasi. Anaweza kumtafuta wa kusaidiana naye, na mkataba wa kukodisha ni njia ya heshima ya kufanya hivyo. Hawezi kuificha ile miaka kwenye mguu wa mtu mwingine. Hata sindano, kama ni lazima, ni yake aitie sahihi akijua anachofanya, asinikabidhi mimi kama jiwe mfukoni halafu aniambie nimeua kwa kusema ukweli.

Haya yote niliyawaza baadaye. Wakati ule nilikuwa na 3,500 na tangazo limeshatoka.

Siku ya tisa simu iliita. Mwenye farasi alikuwa safarini, akawa ameomba tangazo liwe na namba yangu. Mama mmoja, sauti ya taratibu, ana binti wa miaka 13 anayejifunza kupanda farasi na ameanza kuruka vizuizi. Aliuliza umri, akauliza bei. Kisha akasema, "Samahani, mimi sijui farasi. Kuna kitu ambacho mtu anayejua angeniuliza, na mimi sijakuuliza?"

Nikasema nitampigia.

Nilipanda matatu hadi kwa mjomba. Nilishaamua: ninamwambia mama wa watu ukweli, liwe liwalo. Nilikuwa nimejaa ushujaa mpaka matatu ilinipita kituo. Mjomba alinisikiliza, akamwaga maji machafu, akasema, "Ukisema wewe, watauliza nani alikuambia. Wanaoujua huo mguu hapa ni daktari, mwenyewe na mimi. Daktari hamtamfuta."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ukweli niliotaka kuutoa kwa ukarimu namna ile ulikuwa kibarua cha mtu mwingine. Mjomba hana pensheni. Ana miaka 52, goti lililopigwa teke mwaka fulani, na barua ya sifa iliyoandikwa na mzungu aliyehama. Ukimweka kwenye tangazo, sijui ungeandika nini: mpole, amezoea, amepumzishwa. Na nilikumbuka kwamba tayari anabeba siri yangu mimi kwa dada yake mwenyewe, kila Jumapili anapoulizwa kwenye simu, "Na masomo ya huyo kijana?" Tulikuwa tumemgeuza bandeji, mimi na mwenye farasi.

"Waambie waje Jumamosi," akasema. "Wewe usiseme kitu. Hutadanganya na hutasema. Waambie waje tu."

Jumamosi walikuja. Mama, binti, na gari dogo lililochafuka matope ya Karen. Mjomba alimtoa Shemeji nje, amesuguliwa hadi anang'aa, na miguu ya mbele ilikuwa mitupu. Bandeji nne zilikuwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya banda, zinachuruzika maji.

Binti alimpa Shemeji karoti. Akamshika shingo, akashuka begani, kisha, kama alivyofundishwa huko anakojifunzia, akapitisha mkono nyuma ya mguu mmoja hadi chini, halafu mwingine. Akarudia. "Mum, hapa kuna kitu."

Mama akamtazama mjomba. "Ni nini hiyo?"

"Hapo aliumia mbioni, madam. Kano." Akasema bila kupandisha wala kushusha sauti. "Kutembea anatembea vizuri. Kuruka, mimi singemrusha. Lete daktari wako amwangalie, amkunje mguu kama dakika moja halafu akimbizwe taratibu, ndiyo utajua."

Nimefikiria sana tofauti ya kusema na kujibu. Mwalimu wangu mmoja angesema hakuna tofauti: aliyetundika bandeji kwenye kamba amesema tayari. Pengine. Lakini mjomba hakujiona kuwa mtoa siri, wala hakujiona kuwa shujaa. Alifua bandeji, kazi yake. Aliulizwa, akajibu, adabu yake. Nafasi ya kuwa mwema aliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba kama upana wa kamba ya nguo, naye akapita hapo hapo. Mimi niliyekuwa na nafasi pana ya maneno 120 sikupita.

Hawakununua. Niliwasindikiza hadi garini, binti hataki kuongea. Wiki mbili baadaye mama alinipigia: wamezungumza na daktari wa mifugo, na wangependa kumkodi kwa mwaka mmoja, kwa kutembea tu, hakuna kuruka, iandikwe. Mwenye farasi alikataa, akataka auze. Akakaa wiki tatu hakuna mwingine aliyepiga simu, akatia sahihi. Sijui kama ni kweli angeita daktari na sindano Desemba. Nadhani hata yeye hajui.

Alimuuliza mjomba kwa nini farasi alionyeshwa bila bandeji. Mjomba akamwambia zilikuwa zimefuliwa. Ile bahasha ya Krismasi ambayo huwa wanapewa, mwaka huo yake haikuonekana. Nilimtumia 1,000 kutoka kwenye zile zangu, nikaandika "asante mjomba." Dakika tano hazikuisha, ikarudi yote, na ujumbe mfupi: nunua salio umpigie mama yako.

Sijapiga. Kupiga napiga, lakini tunazungumza mvua na mahindi.

Mkataba wa Shemeji unaisha Oktoba. Binti atakuwa anajiandaa kwenda shule ya bweni, na mama ameshaniuliza, kwa ile sauti yake, kama ninajua huwa inakuwaje baada ya hapo. Nilimwambia farasi atarudi kwa mwenyewe. Akasema, "Ndiyo, najua kilichoandikwa."

Jumapili iliyopita nilienda huko wanakomweka sasa, mjomba akiwa pamoja nami, siku yake ya mapumziko. Shemeji amenenepa. Alimnusa mjomba mfukoni kabla ya kunitazama mimi. Mjomba akaniita nichuchumae, akanishika mkono, akauweka nyuma ya mguu mmoja, kisha mwingine. Hivi ndivyo anavyofanya kila asubuhi kabla hakujapambazuka, kwa kila farasi, kwa sababu kano ikianza kuharibika joto hutangulia uvimbe.

"Upi una joto?"

Nikapapasa tena, nikajifanya mtaalamu. "Wa kushoto. Kidogo tu."

Akacheka hadi farasi akageuza masikio. "Huo ulioushika ni wa kulia," akasema. "Umekaa umemwelekea."